Mji Mkongwe Usio na Kuta: Kuisoma Mbarara na Nakivale kwa Miguu

Mji mkongwe ukitajwa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili, wengi huwaza Zanzibar: vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, baraza za mawe na adhana inayosikika kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Wachache huongeza Lamu. Hilo si la kushangaza. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Walimu na wanafunzi wetu waliobahatika kusoma Ulaya nao hurudi na habari za miji ya huko, ambako mgeni hushika ramani asubuhi, akaingia mtaa wa kale kwa miguu, na ikifika jioni amepitia karne sita za historia bila kufungua kitabu.

Katika makala haya tunapenda kuuliza swali lililo karibu zaidi na nyumbani. Je, kusini magharibi mwa Uganda, huku kwenye migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, kuna mji mkongwe ambao mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuutembea na kuusoma? Jibu letu ni kwamba upo, ila haupo pale ambapo mtu angeutarajia. Katika Mbarara, kuta nyingi za kale zilikwisha kubomolewa na kilichobaki ni majina. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo watu wengi huyaita kambi kana kwamba yaliwekwa jana, binadamu wameishi mfululizo kwa miaka mingi kuliko umri wa majengo mengi ya biashara yanayoonekana leo katikati ya Mbarara. Sehemu hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja, na Kiswahili ni mojawapo ya funguo za kuzisomea.

Vilima vitatu na mto mmoja

Tuanze na Mbarara. Husemwa kwamba jina hili limetokana na "emburara", aina ya nyasi ndefu zilizokuwa zimetanda mahali hapa. Mji wenyewe ulianza kama kituo cha utawala wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1901 ulitiwa saini Mkataba wa Ankole, ambao uliunganisha ufalme wa Nkore na falme ndogo za jirani kuwa eneo moja lililoitwa Ankole, chini ya Mugabe, yaani mfalme, Kahaya wa Pili. Tangu hapo Mbarara ikawa na vichwa viwili: ofisi ya Mwingereza upande mmoja na ikulu ya Mugabe upande mwingine.

Anayetaka kuutembea mji huu kwa mpangilio na aufuate kwa vilima vyake. Kilima cha kwanza ni Kamukuzi, palipokuwa na ikulu ya Mugabe. Ufalme ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967. Falme nyingine ziliporudishwa mwaka 1993, wa Ankole haukurudishwa. John Patrick Barigye alitawazwa mwezi Novemba mwaka huohuo, lakini serikali haikuutambua utawazo huo. Kwa hiyo anayepanda Kamukuzi anafika mahali ambapo jina la ufalme lingalipo, na ufalme wenyewe haupo kisheria. Huo ni ukurasa wa kwanza.

Karibu na Kamukuzi kuna eneo linaloitwa Boma. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili na asimame kidogo. Neno hili si la Kinyankole. Boma ni ngome, ni uzio wa kujikinga, na katika Afrika Mashariki yote ya wakati wa ukoloni likawa jina la ofisi ya serikali. Watu walikwenda bomani kulipa kodi, bomani kushtakiwa, bomani kuomba kibali. Wakoloni wa Mbarara waliandika barua zao kwa Kiingereza, na Wanyankole walizungumza Kinyankole, lakini mahali pale pa kukutania palipewa jina la Kiswahili. Jina hilo limedumu kuliko bendera iliyopandishwa hapo.

Kilima cha pili ni Ruharo, wenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James. Mugabe Kahaya na waziri wake mkuu, Nuwa Mbaguta, walibatizwa mwaka 1902, na elimu ya kisasa ikafuata njia ya misheni. Mbarara High School ilianzishwa mwaka 1911. Ntare School, ambayo imetoa viongozi wengi wa nchi hii, ilikuja baadaye, mwaka 1956.

Kufika kilima cha tatu, Nyamitanga, ni lazima kuvuka Mto Rwizi. Huku ndiko liliko kanisa kuu la Kikatoliki. Waanglikana upande huu, Wakatoliki ng'ambo ya mto: ramani ya dini ya karne iliyopita bado inaweza kusomwa kwa macho na mtu aliyesimama darajani. Rwizi wenyewe tuukumbuke, kwa sababu maji yake huteremka kuelekea mfumo wa maziwa ya Mburo na Nakivale. Mto unaopita Mbarara unatuonyesha njia ya sehemu ya pili ya matembezi yetu.

Katikati ya vilima hivi kuna High Street, barabara ya maduka. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni biashara ya miji ya Uganda ilishikwa na Waasia, na Mbarara haikuwa tofauti. Duka lilikuwa shule ya lugha isiyo na mwalimu. Mwenye duka alizungumza Kigujarati nyumbani, mteja alizungumza Kinyankole, na katikati yao, juu ya meza ya kuuzia, kikawekwa Kiswahili cha kuhesabia na kupatania bei. Alama zake zimo ndani ya Kinyankole hadi leo: eduuka, emeeza, esabuuni, edirisa, ekitabo, ekaraamu. Asemaye hajui Kiswahili hata kidogo huku ameagiza sabuni dukani, amekizungumza bila kujua. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na High Street ikabadilisha wenyewe kwa msimu mmoja.

Lugha iliyoingia kwa mlango wa jeshi

Ni vyema ikumbukwe kwamba Kiswahili kilifika jirani na nchi hii kabla ya Mbarara kuwapo. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika ufalme wa Karagwe, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali palipoitwa Kafuro. John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861 alikuta biashara hiyo imekwisha kuota mizizi. Njia ya kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita huko. Basi lugha hii ilikuwa ikibisha hodi kusini mwa Nkore miongo kadhaa kabla ya Mwingereza kujenga boma.

Hata hivyo, huku kwetu mlango iliopitia kwa wingi haukuwa wa biashara tu. Ulikuwa wa jeshi na polisi. Askari wa kikoloni walitoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha katika amri na katika maisha ya kambini. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Upinzani ulikuwa mkali, na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alikuwa miongoni mwa walioukataa mpango huo. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Matokeo yake ni kwamba kwa Waganda wengi wa kizazi hicho Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki: sauti ya kizuizi cha barabarani, ya kuulizwa kitambulisho usiku.

Mbarara ililijua hilo kuliko miji mingi, kwa sababu ya kambi ya jeshi iliyoitwa Simba. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri Robert Siedle, walifika hapo wakichunguza habari za mauaji ya askari, nao wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Septemba 1972, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka na kuishambulia Mbarara. Shambulio hilo lilishindwa, na raia waliodhaniwa kuwa upande wa waasi wakaandamwa na kuuawa.

Tunayataja haya kwa sababu mwalimu wa Kiswahili anayeingia darasani Mbarara haanzi na ubao mtupu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria zimetungwa. Lakini babu wa mwanafunzi ana kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zina anwani ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu.

Kuta zilikwenda wapi?

Mgeni akitembea High Street leo atajiuliza kwa nini mji wenye zaidi ya miaka 120 una majengo machache sana ya kale. Jibu ni mwaka 1979.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Tanzania na kuikalia sehemu ya Kagera iliyo kaskazini mwa mto huo. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, majengo yakaharibiwa, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tanzania ilijibu kwa vita. Mwishoni mwa Februari 1979 majeshi yake, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliteka Masaka na Mbarara karibu kwa wakati mmoja. Miji yote miwili ikapondwa. Katika Mbarara, majengo mengi yaliyonusurika mapigano yalilipuliwa kwa baruti baada ya mji kutekwa, kama kisasi cha yale yaliyotendeka Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo.

Hapa historia inamtega msomaji anayependa hadithi nyepesi. Askari hao wa Tanzania ndio walioondoa utawala wa Amin, na Waganda waliwaita "bakombozi". Neno hilo ni la Kiswahili, "wakombozi", lililovishwa kiambishi cha lugha za huku. Hao hao ndio waliolipua Mbarara. Na Kiswahili walichozungumza kilikuwa kile kile kilichotumiwa na askari wa Amin waliowakimbiza, ingawa kilisikika kwa lafudhi nyingine na mara nyingi kwa adabu nyingine. Lugha moja ikawa ya mtesi, ya mkombozi na ya mbomoaji. Sisi tunaoifundisha hatuna haki ya kuchagua sura moja kati ya hizo na kuzificha nyingine.

Mji ulijengwa upya taratibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, maduka yakarudi, na tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapewa hadhi ya jiji. Lakini kilichojengwa kilikuwa kipya. Hakuna aliyeketi na picha za zamani akisema nyumba hii ilikuwa hivi, na irudi kuwa hivi.

Funzo la Warsaw

Kuna mji mmoja wa Ulaya ambako watu walifanya hivyo hasa. Mwaka 1944, baada ya wakazi wa Warsaw, mji mkuu wa Poland, kuwaasi Wajerumani, jeshi la Ujerumani liliubomoa mji huo kwa makusudi. Zaidi ya asilimia 85 ya kitovu chake cha kale kiliharibiwa. Vita vilipokwisha, wakazi waliamua kuujenga tena mji wao mkongwe ulivyokuwa. Walitumia picha za mji zilizochorwa katika karne ya 18 na Bernardo Bellotto. Walitumia pia michoro ya vipimo vya nyumba ambayo wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa wameifanya pamoja na walimu wao, na ambayo ilifichwa isiangamie vitani. Mwaka 1980 mtaa huo uliojengwa upya uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba ukongwe wa mji haukai kwenye mawe peke yake. Mawe ya Warsaw ni ya juzi. Kilicho kikongwe ni kumbukumbu iliyoyapanga. Na sehemu ya kumbukumbu hiyo iliokolewa na kazi ya wanafunzi, kazi ambayo huenda baadhi yao waliiona kuwa zoezi la darasani la kuchosha.

Pili, Poland na Uganda zina historia ya pamoja ambayo wasomaji wetu wengi hawajaisikia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Urusi ya Kisovieti walitoka huko kupitia Iran, na maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Hapa Uganda, wapatao 7,000 waliwekwa katika makazi mawili, Nyabyeya karibu na Masindi na Koja kando ya Ziwa Victoria. Walilima, wakajenga shule, wakajenga kanisa la Nyabyeya ambalo lingali limesimama, na wakawazika wafu wao. Baada ya vita waliondoka kwenda nchi mbalimbali. Kabla Mwafrika wa nchi jirani hajapewa kipande cha ardhi Uganda kwa jina la mkimbizi, Mzungu wa Ulaya alikuwa amekwisha kukipata. Ukimbizi si tabia ya bara wala ya kabila. Ni jambo linalompata mtu.

Nakivale: makazi yaliyozeeka

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni kilomita zipatazo 60 kwa barabara, kuelekea upande wa mpaka wa Tanzania. Sehemu hii haitembewi kwa miguu. Mtu hupanda gari kupitia nchi ya migomba ya Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Lakini akishafika, miguu inahitajika tena.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Kumbuka, msomaji, kwamba Uganda yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Makazi haya ni makubwa kwa umri kuliko taifa linaloyahifadhi.

Jiolojia hutufundisha kusoma tabaka za ardhi, na Nakivale inasomeka kwa namna hiyo. Tabaka la chini ni la Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959, wengine wakiwa na ng'ombe wao. Tabaka la pili ni la mwaka 1982. Mwezi Oktoba mwaka huo, chini ya serikali ya pili ya Milton Obote, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole. Makumi ya maelfu waliswagwa kuelekea mpaka wa Rwanda au kurudishwa ndani ya makazi kama Nakivale na Oruchinga, wakiwamo waliokuwa wameishi nje ya makazi hayo kwa miaka mingi. Tabaka la tatu ni la mwaka 1994. Baada ya ushindi wa chama cha RPF wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda, na Wanyarwanda wengine, safari hii wengi wao Wahutu, wakaingia mahali pao. Ardhi ileile, lugha ileile ya Kinyarwanda, hofu iliyogeuka upande.

Juu ya hayo vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 vilileta Wakongomani, na vurugu za Kivu zimeendelea kuwaleta hadi leo. Wasomali, Waethiopia na Waeritrea walifuata. Msukosuko wa kisiasa wa Burundi wa mwaka 2015 ulileta wimbi jingine. Leo Nakivale ina wakazi zaidi ya 150,000. Tukilinganisha, sensa ya mwaka 2014 iliihesabu Mbarara yenyewe kuwa na watu wapatao 195,000. Kwa idadi ya watu, tunazungumzia miji miwili inayokaribiana, na mmoja wao haumo katika orodha ya miji.

Mitaa yake inajieleza kwa majina. Kitovu kinaitwa Base Camp, jina la mahali pa kupita tu, ingawa watu wameoa, wamezaa na kuzika hapo. Kuna New Congo, kuna Kigali, kuna Isangano, neno la Kinyarwanda na Kirundi lenye maana ya makutano. Kuna mtaa wa Wasomali wenye maduka, migahawa na msikiti. Kama vile Mbarara ya kale ilivyogawanyika kwa vilima, Nakivale imegawanyika kwa nchi ambazo watu walizikimbia. Aliyepoteza mji wake huuandika upya juu ya ardhi kwa jina lake.

Kuusoma mji kwa sikio

Kuta za Nakivale ni za udongo, miti na mabati, na za wageni wapya ni turubai. Hazidumu. Hakuna atakayekuja baada ya miaka mia mbili kupiga picha milango yake. Kwa hiyo mji huu husomwa zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho, na hapa ndipo idara kama yetu ina kazi.

Sokoni Kiswahili ni daraja, lakini si daraja la ubao mmoja. Mkongomani wa Kivu atakwambia "batoto" na "bintu" pale ambapo kitabu kinataka "watoto" na "vitu", na atakushukuru kwa kusema "aksanti". Mrundi aliyelelewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, atakuja na Kiswahili chenye historia ndefu ya misafara ya Ziwa Tanganyika. Msomali aliyepitia Kenya atazungumza Kiswahili cha huko, chenye haraka na maneno ya mjini. Mnyankole mwuza ndizi naye atachukua alichokipata kwa askari, kwa redio na kwa wateja wake, akakitumia bila kuona haya. Wote wanaelewana kuhusu bei.

Wanafunzi wetu hufunzwa kusahihisha. Ni jambo jema darasani, maana Kiswahili sanifu kinahitajika katika mtihani na katika ofisi. Lakini anayeingia soko la Nakivale na kalamu nyekundu mfukoni ataharibu ushahidi. Ile "ba-" ya Mkongomani si kosa lililosahaulika kufutwa. Ni anwani ya alikotoka. Katika mji ambao kuta zake huanguka kila msimu wa mvua, viambishi vya lugha ni miongoni mwa vitu vichache vinavyokaa.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda inasifiwa duniani kwa kuifuata methali hii. Mkimbizi hapa hafungiwi ndani ya uzio. Hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Sifa hiyo ni ya haki.

Lakini methali inanyamaza baada ya jembe. Haisemi lini mlimaji huyo ataacha kuitwa mgeni. Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1995 inaruhusu mtu aliyezaliwa Uganda kuandikishwa kuwa raia, ila inamwacha nje yule ambaye mzazi wake alikuwa mkimbizi. Mtoto aliyezaliwa Nakivale, mwenye wazazi waliozaliwa Nakivale, anaweza kujua kila kichochoro cha mahali hapo na bado akawa, kwa karatasi, mtu wa kwingine. Mwezi Julai 2010 Wanyarwanda wapatao 1,700 walikusanywa Nakivale na Kyaka II na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Matukio ya namna hiyo huwakumbusha majirani kwamba mahali panapoitwa pa muda huweza kumalizwa kwa siku moja.

Ndiyo maana tunaona kwamba neno tunalolitumia kuiita Nakivale si jambo dogo. Tukisema "kambi", tunakubali kwamba hakuna historia ya kuandikwa, maana kambi huvunjwa. Tukisema "mji", tunalazimika kuuliza ulianzishwa na nani, mtaa huu uliitwaje kabla ya jina hili, na makaburi haya ni ya akina nani. Hatudai kwamba mhariri wa gazeti la lugha anaweza kutoa uraia. Tunadai kwamba anaweza kuacha kuandika kana kwamba watu hawa walifika asubuhi ya leo.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Nendeni Mbarara na mwanzie Boma, mpande Kamukuzi, mpite High Street, mvuke Rwizi. Waulizeni wazee jengo gani lilisimama wapi kabla ya Februari 1979, na muandike majibu pamoja na ramani. Kisha nendeni Nakivale. Ombeni kwanza kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi hayo, na muombe pia ridhaa ya mnayezungumza naye, kwa sababu wapo ambao jina lao likichapishwa linaweza kuwaletea hatari. Msitake kujua kwanza walikimbia nini. Wengi wameulizwa hilo hadi wamechoka. Waulizeni majina ya mahali: nani aliuita mtaa huu hivi, kisima hiki kinaitwaje, mti uliokuwa hapa uliitwaje na kwa lugha gani.

Wanafunzi wa Warsaw walipokuwa wakipima madirisha hawakujua kwamba wanauokoa mji. Wazee waliofika Nakivale wakiwa vijana mwaka 1959 wamebaki wachache sana, na waliokuwa watu wazima Mbarara mwaka 1979 nao wanapungua kila mwaka. Daftari na kalamu vinapatikana, na Kiswahili cha kuulizia tunacho. Kinachotupungukia ni muda.